Jumapili Alasiri ya Msichana wa Kazi

Mazungumzo ya leo yanahusu saa chache tu za juma: zile zinazoanza Jumapili watu wakitoka kanisani na kwisha giza linapoingia. Ukipita Nyayo Gardens saa hizo, katikati ya jiji letu la Nakuru, au ukisimama kwenye steji ya matatu za Njoro, Lanet au Kiamunyi, utawaona wasichana wawili wawili, watatu watatu, wamevaa vizuri, simu mkononi na mkoba mdogo begani. Wengi wao wameajiriwa katika nyumba za watu huko Milimani, Section 58 na Naka. Wamezaliwa Kuresoi, Subukia, Baringo, Busia, Vihiga. Wengine wametoka Naivasha, ambako siku nyingine za juma hukata na kufunga maua yanayouzwa Ulaya. Hawaendi mbali. Wanakwenda Menengai kutazama kreta, au Hyrax Hill, au kwenye kasri la Lord Egerton kule Njoro, au wanazunguka tu mjini wakila aiskrimu na kupigana picha. Kisha wanarudi mapema, kwa maana chakula cha jioni hakitajipika, na katika nyumba wanazorudi wapishi ni wao.

Safari hizi zina wakosoaji wengi. Mama mwenye nyumba anaona msichana anajifunza tabia mbaya. Mzazi kijijini anashangaa kwa nini pesa iliyotumwa mwezi huu imepungua. Kijana wa bodaboda ana maneno yake, ambayo sitayarudia hewani. Hata mhubiri aliyemaliza ibada muda mfupi uliopita amewaonya mabinti dhidi ya kutangatanga. Mimi nataka kuzitetea, na sitazitetea kwa kusema tu kwamba vijana wanahitaji kujifurahisha. Nasema hivi: ukitaka kujua mfanyakazi ana uhuru kiasi gani, usiishie kuuliza analipwa ngapi. Uliza siku yake ya mapumziko anaweza kufika wapi bila kumweleza mtu sababu. Jibu la swali hilo litakuonyesha mambo ambayo karatasi ya mshahara haiyaonyeshi.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu tunazungumza kana kwamba haipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haikuandikwa humo kwamba yaya ametengwa. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wowote wa kazi wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na kinachofuata kinataka saa za kazi zitajwe. Nyumba ngapi za Nakuru zina karatasi hiyo kabatini? Lakini hata pale ambapo siku ya mapumziko inatolewa, tazama inatolewa vipi. Msichana anaambiwa leo upumzike, ila asitoke getini. Basi mtoto akilia, nani atamchukua? Mgeni akibisha hodi, nani atachemsha chai? Anayelala kazini hana nyumba ya kurudi jioni. Chumba chake cha kulala kimo ndani ya mahali pake pa kazi. Karani akipumzika nyumbani amepumzika kweli, kwa kuwa ofisi iko kwingine. Huyu hawezi kupumzika mpaka ameondoka. Kwa hiyo ile safari yake ya Menengai haikuongezwa juu ya mapumziko. Kwa mtu wa hali yake, mapumziko ndiyo hiyo safari yenyewe.

Jambo hilo lilikwisha kuonekana na waliotunga Mkataba wa 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011. Mkataba huo unasema mfanyakazi wa nyumbani apate saa 24 mfululizo za mapumziko kila juma, halafu unaongeza sharti ambalo mtu asiyeijua kazi hii angelisahau: asilazimishwe kubaki katika nyumba ya mwajiri wakati wa mapumziko hayo. Nchi ya pili duniani kuuridhia, baada ya Uruguay, ilikuwa Ufilipino, mwaka 2012. Haikuwa bahati. Ufilipino imekuwa ikituma mabinti wake kufanya kazi katika nyumba za watu ng'ambo kwa miongo mingi, na uchumi wake unategemea kiasi kikubwa pesa wanazotuma. Mwaka 2006 serikali yake ilitangaza kwamba raia wake asiajiriwe kazi za nyumbani nje kwa chini ya dola 400 kwa mwezi. Anayetaka kuona siku ya mapumziko inavyofanana inapochukuliwa kwa uzito na wafanyakazi wenyewe, atazame katikati ya Hong Kong siku ya Jumapili. Barabara ya Chater hufungwa kwa magari, na wanawake wa Kifilipino kwa maelfu hutandika maboksi chini, wakala, wakasukana nywele, wakacheza dansi, wakafunga mizigo ya kupeleka kwao. Wenye maduka ya fahari ya pale wamelalamika miaka mingi. Wanawake hao bado wanakuja.

Katika umati ule alitoka Xyza Cruz Bacani. Alifika Hong Kong akiwa na umri wa miaka 19 kutunza watoto katika nyumba ambayo mama yake mzazi alikuwa anafanya kazi kabla yake, na akafanya kazi hiyo karibu miaka 10. Mwajiri wake alimkopesha pesa za kamera ya kwanza. Siku zake za mapumziko akawa anazunguka mitaani, akipiga picha za watu wanaovuka barabara, wanaongojea, wanaolala kwenye treni, na picha za wafanyakazi wenzake waliokimbia mateso. Mwaka 2015 alipata ufadhili wa Magnum Foundation akaenda kusoma New York, na mwaka 2018 akatoa kitabu chake cha picha kuhusu wafanyakazi wahamiaji. Simtaji ili kusema kila yaya atakuwa mpiga picha mashuhuri. Hoja ya namna hiyo ni hatari, kwa sababu inamfanya msichana wa kawaida alipie Jumapili yake kwa kipaji. Namtaja kwa sababu ya mpangilio wa mambo: siku ya kutoka ilikuja kwanza, kamera ikafuata. Na mwajiri aliyetoa mkopo ule hakuwa na namna ya kujua atavuna nini.

Sasa geuza macho upande wa Ghuba, ambako mabinti wa Kenya na wa Ufilipino wanakutana jikoni. Huko, chini ya utaratibu wa kafala, ruhusa ya kuishi nchini imefungwa kwa mwajiri, na mfanyakazi anayetoka bila idhini yake anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka. Serikali ya Kenya ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani huko mwaka 2014, ikaufungua tena 2017. Ufilipino nao walizuia raia wao kwenda Kuwait mwaka 2018 baada ya mwili wa mfanyakazi wao kukutwa ndani ya friza, na makubaliano yaliyofuata Mei mwaka huo yalitaja mambo ambayo mtu angedhani ni madogo mno kwa mkataba wa mataifa: mfanyakazi abaki na pasipoti yake, na abaki na simu yake. Sisi tunaposikia habari za msichana wa kwetu aliyepigwa na kufungiwa nyumbani Riyadh, tunapandisha sauti, na tunafanya vyema. Lakini baadhi yetu tunapandisha sauti hiyo hali geti letu la Nakuru limefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko chini ya mto wa mama mwenye nyumba. Kipigo na kufuli si kosa moja, najua. Kinachofanana ni wazo lililo chini yake, kwamba mwili wa aliyeajiriwa umekodishwa wote, saa zote.

Wazo hilo lina historia ndefu katika Bonde la Ufa, na bila kuikumbuka hatuwezi kuelewa kwa nini safari ya kilomita chache inaudhi watu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na ardhi iliyozunguka mji ikawa ya walowezi. Kuanzia mwisho wa muongo wa 1910 kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, yaani hati ya usajili wa kazi, na bila saini ya mwajiri katika kipande hicho hakuweza kuhama kazi. Wanawake hawakupewa kipande, lakini usidhani walisahauliwa. Mapema mwaka 1953, miezi michache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa dhidi ya Mau Mau, familia za Wakikuyu zilizoishi kwenye mashamba ya walowezi ziliondolewa kwa wingi, wanawake na watoto wakiwemo, zikapitishwa katika kambi za muda za Nakuru, Gilgil na Thomson's Falls. Baadaye Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kusafiri bila kitabu cha pasi. Muthoni Likimani alikiweka kitabu hicho, pamoja na namba yake, katika jina la kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu wanawake wa nyakati zile. Wala haikuwa serikali ya kikoloni peke yake. Katika miaka ya 1940 na 1950 Luo Union, chama kilichofanya mema mengi, kilikuwa kikiwakamata wanawake wasioolewa waliokutwa mijini na kuwarudisha kwao Nyanza. Mkoloni na mzee wa nyumbani, waliogombana juu ya karibu kila kitu, walikubaliana kwamba mwanamke kijana anayetembea mjini bila mtu wa kumjibia ni tatizo.

Kasri la Lord Egerton ni ushahidi wa mawe. Maurice Egerton alilijenga kati ya 1938 na 1954, na inasimuliwa kwamba alilikusudia kwa mwanamke aliyemkataa, na kwamba tangu hapo hakutaka mwanamke akanyage uwanja wake. Hadithi ya mapenzi nawaachia waongozaji wa wageni, ambao wanaisimulia vizuri kuliko mimi. Iliyo hakika ni kwamba wanawake walipigwa marufuku kuingia. Bwana huyo alifariki mwaka 1958. Leo jumba liko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Egerton, na wanaolipa kiingilio, wanaopanda ngazi na kupigwa picha dirishani siku ya Jumapili, wengi ni mabinti. Baadhi yao juma zima wamekuwa wakipiga deki sakafu za watu. Kama mtu ananiambia kwamba safari hiyo haina maana, namwuliza maana anaitafuta wapi.

Na kuwazuia watu kutembea si mambo ya wakoloni pekee. Waliokuwa hapa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wanajua barabara ya Nakuru hadi Naivasha, ambayo ni kama kilomita 70, ilivyogeuka kuwa mahali pa kuulizwa jina na lugha ya mama. Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya waliofukuzwa. Miaka 13 baadaye, tarehe 26 Machi 2021, kaunti yetu iliwekwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado ndani ya eneo lililofungwa kwa sababu ya korona, na mpaka wiki ya kwanza ya Mei hakuna aliyetoka wala kuingia kwa hiari. Kufunga huko kulikuwa na sababu za afya, hakufanani hata kidogo na ule unyama wa 2008. Lakini watu wote wa Nakuru, matajiri kwa maskini, walionja kwa wiki tano kitu ambacho kwa wasichana wengi wa kazi ni utaratibu wa kila mwezi. Nilitarajia tungelikumbuka hilo. Tulisahau mara geti la kaunti lilipofunguliwa.

Nije kwenye pingamizi, maana zipo, na nyingine zina uzito. Ya kwanza ni pesa. Watu husema msichana wa kazi analipwa kidogo, ana wadogo zake wa kusomesha, na kila shilingi anayoacha Menengai imemtoka mtoto wa nyumbani mdomoni. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani katika majiji makubwa kuwa shilingi 15,201 na ushei kwa mwezi. Kila mmoja wetu anajua nyumba ambazo hazilipi hata nusu yake. Basi anayelia juu ya ubadhirifu wa msichana aanzie hapo, kwenye maelfu yanayokosekana kila mwezi, kabla ya kufika kwenye nauli ya matatu na chupa ya soda. Hawa tunaowaita wabadhirifu ndio, M-Pesa ikiingia, wanaotuma nyumbani kabla ya kununua hata mafuta ya kujipaka, na ndio wanaobeba vyama vya akiba vya kuchangiana. Tena, mwanamume anayelipwa mshahara huohuo akikaa Jumapili nzima mbele ya televisheni ya baa akitazama Arsenal, nani amewahi kumpigia hesabu za wadogo zake? Hasira hii juu ya pesa ina jinsia.

Ya pili ni usalama, na hii siipuuzi. Mji una matatu zenye makondakta wasio na adabu, kona zenye giza, na wanaume wanaowangoja wasichana wageni. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji, na kabla mwaka haujaisha Bunge likaandika kosa hilo katika sheria za jinai, adhabu yake ikiwa kifungo kisichopungua miaka 10. Ukingo wa Menengai, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, una miteremko ya kutisha, na mtu mwenye busara haendi peke yake wala haendi jua likizama. Yote kweli. Lakini angalia hoja hii inakotupeleka. Barabara ikiwa na hatari, tunamfungia anayetishwa, na anayetisha tunamwachia barabara. Tena inadhania kwamba ndani ya geti kuna usalama. Msichana anayekaa miezi bila kumwona rafiki, bila kwenda kanisani, bila kufika popote ambapo angeweza kusema neno, ndiye hasa ambaye mtu mwovu wa nyumba hiyo anaweza kumdhuru bila mtu kujua. Matembezi ya Jumapili yana kazi ya ulinzi ambayo hatuitambui: ndipo wanapolinganisha mishahara, ndipo mmoja anamwambia mwenzake kwamba hilo unalofanyiwa si la kawaida, ndipo mtu anasikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna chama kinachoitwa KUDHEIHA kinachowapokea wafanyakazi wa nyumbani. Waajiri wengine wanalijua hilo vizuri, na wanapotaja mabaya ya mjini, hilo la kulinganisha mishahara limo katika hesabu yao.

Ya tatu inasemwa kwa dharau zaidi kuliko kwa hoja: kwamba ni ubatili mtupu, picha kwa picha, msichana amesimama mbele ya maua, msichana ameshika chupa ya soda, na chini yake maneno mawili ya kujifariji. Hapa naomba subira yako, msikilizaji, kwa sababu nadhani tunatupa kitu cha thamani. Fikiria tunajua nini juu ya maisha ya kila siku ya wanawake wa Afrika Mashariki wa zamani. Mwaka 1886 Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyehamia Ujerumani, alichapisha kumbukumbu zake. Sehemu zinazorudiwa zaidi na wanahistoria leo si siasa za nduguze peke yake. Ni habari za chakula, mavazi, magonjwa, safari za kwenda shamba, mambo ambayo mwanamume wa zama zile hangeona haja ya kuyaandika. Lakini huyo alikuwa binti mfalme. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa mkusanyiko wa safari za Waswahili, kazi nzuri ajabu, na wasimulizi wake ni wanaume. Wanawake waliobeba maji kwenye safari kama hizo walikwenda na habari zao. Ilibidi tungoje mpaka mwaka 1989, Sarah Mirza na Margaret Strobel walipotoa masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy. Mishi alikuwa wa ukoo wa watumwa. Anachokumbuka ni ngoma, harusi, unyago, kazi, nani aligombana na nani, walitoka kwenda wapi na walivaa nini. Mtu angeweza kuyaita ubatili. Kumbe humo ndimo yamo mambo ya utumwa, ya heshima na ya mji, yaliyosemwa na mtu aliyeyaishi. Na wanaosema matembezi ya mabinti ni mambo ya kuiga wageni, wasome humohumo habari za lelemama, ambapo wanawake wa Mombasa waliunda vyama, wakashindana kwa mavazi na nyimbo, wakatumia pesa nyingi kuliko zinazotumika Nyayo Gardens.

Chukua mfano wa karibu zaidi. Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamekuwa yakipanda. Yalimeza lango la zamani la hifadhi na barabara zake, yakaingia kwenye nyumba za watu Mwariki na Baruti, na heroe waliolipa ziwa jina duniani wakahamia kwa wingi Bogoria. Wanasayansi wana picha za setilaiti. Wanachokosa ni ushahidi wa mtu aliyesimama ukingoni: mwaka huu mti ule ulikuwa nchi kavu, mwaka uliofuata umesimama majini, harufu imebadilika, muuza samaki ameonekana mahali ambapo hapakuwa na samaki. Msichana aliyekwenda mara mbili kwa mwaka, akapiga picha zake za ubatili na kuandika chini yake alivyojisikia, ana ushahidi huo kwenye simu, pamoja na tarehe. Simdai awe mwanasayansi. Nasema tu kwamba UNESCO ilipoyaingiza maziwa yetu, Bogoria, Nakuru na Elmenteita, katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, hakuna aliyemwuliza yeye anayaonaje, na huenda angekuwa na la kusema lenye manufaa kuliko hotuba za siku ile.

Limebaki pingamizi moja, na hili ndilo gumu kuliko yote. Linatoka kwa mwajiri ambaye si tajiri. Ni muuguzi wa zamu, ni mwalimu, ni mwenye kibanda cha nguo sokoni, au ni mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha anayeishi chumba kimoja Karagita na kumlipa binti mdogo amshikie mtoto. Mwishoni mwa Januari, maua ya Valentino yanapofungwa usiku na mchana, meneja hamwulizi mama huyu kuhusu Jumapili yake. Anasema: kama msichana wangu akitoka, mimi sitaweza kwenda kazini, na nisipokwenda kazini hakuna mshahara wa kumlipa. Hadanganyi. Uhuru wa mwanamke mmoja umejengwa hapa juu ya mgongo wa mwanamke mwingine, na sheria iliyoandikwa Nairobi haifumbui fumbo hilo kwa kifungu kimoja. Vituo vya kulelea watoto vilivyo karibu na mashamba na masoko vingesaidia sana, na kaunti inayojisifu kuwa na jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021 haina udhuru wa kutovijenga. Siku ya mapumziko nayo inaweza kuwa Jumanne, sheria haikutaja Jumapili. Mradi iandikwe, ijulikane, na isibadilishwe asubuhi ileile msichana akiwa ameshavaa viatu.

Lakini nikilisikiliza pingamizi hilo vizuri, naona limewahesabu watu wawili tu ndani ya nyumba, mama na msichana, kana kwamba wao ndio wanaogawana juma lote. Katika nyumba nyingi kuna mtu wa tatu. Jumapili alasiri mara nyingi yupo, ameketi, ana rimoti. Mtoto anayelia ni wake. Ugali anaujua kuula, na mwiko uko jikoni mahali pale pale anapouweka msichana. Kabla hatujaamua kwamba haiwezekani binti wa Kuresoi kwenda Menengai na kurudi saa kumi na mbili, tungemwomba yeye kwanza ainuke.